Nilivyosoma Kompyuta Ili Nisihamie Mtwapa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine ni watu wa bahari, wengine ni watu wa siasa, mimi ni wa nyumbani. Niliwahi kuolewa Mambrui, ambako ukitoka kwetu Malindi hata kiti cha gari hakijapata moto ushafika, na muda wote wa ndoa ile nilikuwa kama mtu aliye ughaibuni. Niliporudi na masufuria yangu, mama hakuniuliza kisa. Aliniuliza kama nimekula. Tangu hapo tumekaa sisi wawili katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, na safari yangu ndefu ni ya sokoni, nayo naifanya kwa manung'uniko.

Kwa hiyo kaka yangu alipokuja kutoka Mtwapa, kiasi cha mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, akatukalisha ukumbini na kutuambia tuhamie kwake, nilijihisi kama mtu aliyesomewa hukumu. Kaka ana duka la vifaa vya umeme kule: nyaya, balbu, soketi. Hana mke kwa sasa. Alisema haoni maana ya yeye kuwa kule na sisi huku, mama anazidi kuwa mtu mzima, nyumba hii tunaweza kuipangisha, na mimi, kwa kuwa sina kazi, nitamkalia dukani.

"Nina kazi," nikamwambia.

"Kazi gani?"

"Kumtunza mama."

Mama alikuwa akichambua mchele. Hata macho hakuinua. "Mimi nishatunzwa vya kutosha," akasema. "Tafuta jengine."

Jengine nilikuwa nalo, ila nililiona aibu. Wiki ile, kwenye simu, katika kundi letu la wanawake wa mtaa ambalo kwa kawaida ni la kutangaziana vilio na maandazi, mtu alituma tangazo: darasa la bure la kuandika programu za kompyuta, wiki sita, kwa mtu mzima yeyote aliyemaliza kidato cha nne. Watakaofaulu jaribio la mwisho watapewa kazi ya kusafisha orodha, yaani yale majina ya wagonjwa na wanafunzi yaliyoandikwa ovyo ovyo, mtu mmoja kaandikwa mara tatu kwa namna tatu. Kazi yenyewe, na hapa ndipo macho yangu yalipoganda, ni ya kufanyia nyumbani.

Kaka alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Simu yenyewe wazima kwa kutoa betri!"

"Nitajifunza."

"Haya." Akakaa vizuri, kama mtu anayefunga biashara. "Ukifaulu, kaeni. Sitawasumbua tena. Ukishindwa, Idi ikipita naleta pikapu, mnahamia Mtwapa. Tumeelewana?"

Tukaelewana.  Kaka alipoondoka, mama alikipiga deki kile kiukumbi chetu mara mbili, mkono ule ule, sakafu ile ile iliyokwisha takata, nami nikajua kuwa jaribio lile si langu peke yangu.

Darasa lilikuwa katika chumba cha juu, chini yake panauzwa magodoro. Tulikuwa kumi. Mwalimu alipoingia nilitamani kuingia chini ya meza. Alikuwa mwanamke wa Ganda, hapo nje ya Malindi, niliyesoma naye sekondari, tukikaa dawati moja miaka minne. Katika miaka hiyo minne yeye alinifanyia hesabu zangu zote na mimi nikamwandikia insha zake zote, pamoja na barua kwa mvulana mmoja wa darasa la mbele yetu. Barua zilifanya kazi kuliko hesabu: waliishia kuoana. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini sijui hesabu, jawabu ni kwamba mwalimu wangu ndiye aliyenikosesha.

Alinitambua kabla sijakaa.

"Shoga!" akasema mbele ya watu wote. "Na hesabu umekuja nazo, ama niziandae mimi kama zamani?"

"Nimekuja na insha," nikasema.

"Basi leo utazila hizo insha."

Hakutania bure. Siku ya kwanza alitueleza kwamba kompyuta haina akili ila ina utiifu, kwamba kuandika programu ni kuipa maagizo kwa lugha yake, mstari baada ya mstari, nayo hufuata kama yalivyo. Lugha yenyewe ina jina la nyoka, chatu. Niliporudi nikamwambia mama. "Na wewe ulilipa kitu kwa hilo?" akauliza. Nikamwambia ni bure. "Nilijua," akasema.

Mimi nikaianza programu yangu ya kwanza kwa salamu. Usicheke. Mtu huwezi kuingia kwa mwenzio ukaanza kutoa amri tu, fanya hivi, fanya vile, kama askari. Nikaandika asalamu alaikumu kwenye mstari wa kwanza, kisha ndiyo nikaagiza nilichotaka. Kompyuta ikanijibu kwa maandishi mekundu. Sijapata kuona kitu chenye kusalimiwa vizuri kikakasirika vile.

"Nimeikosea nini?" nikamuuliza mwalimu.

"Hujaikosea. Haikuelewa tu. Soma hapo, imekwambia ni mstari wa ngapi."

Lakini sikusoma. Wiki mbili nzima kila yalipotokea maandishi mekundu nilifanya kama nifanyavyo nikigombezwa: nilifumba macho, nikafuta kila kitu, nikaanza upya. Wenzangu walikuwa wameshafika kwenye mambo makubwa. Mzee mmoja aliyekuwa karani wa mahakama alikuwa na programu inayompangia siku za kumwagilia miche yake. Binti mmoja muuza simu aliandika mchezo wa kubahatisha namba. Mimi bado nilikuwa nafuta. Nikirudi nyumbani mama ananiuliza, "Vipi?" nami namwambia, "Vizuri," na yeye anaitika, "Haya," kwa sauti ya mtu aliyekwisha anza kuhesabu masanduku.

Ramadhani ikaingia na sisi tuko wiki ya tatu. Mwalimu si Mwislamu, lakini hakuwahi kunywa maji mbele yetu. Alikuwa akishuka kule kwenye magodoro, anapanda tena amepangusa midomo. Siku moja alinikuta nimefumba macho mbele ya wekundu wangu. Alikaa kando yangu, si mbele, kama tulivyokuwa tukikaa dawatini.

"Nani kakwambia hayo ni matusi?" akauliza.

"Rangi yenyewe."

"Hiyo ndiyo msaada wote utakaoupata. Ikinyamaza ndipo uogope. Soma."

Nikasoma. Imeniambia nimefungua mabano mstari wa nne sikuyafunga. Hivyo tu. Nikayafunga, ikaenda. Nilijiona mjinga, lakini mjinga mwenye furaha. Tangu siku hiyo nikawa nasoma.

Kisha tukafika kwenye kinachoitwa mzunguko. Neno lenyewe kwenye kompyuta ni la Kizungu, lakini mwalimu alitufasiria kwa neno letu, maadamu. Maadamu jambo fulani lipo, endelea kufanya hili, likiondoka, simama. Hapo nikatulia. Maadamu ni neno la kwetu kabisa, na mama analitumia kila siku kunifanyisha kazi: maadamu umesimama, nipatie maji.

Kwa jaribio la mwisho tuliambiwa kila mtu aandike programu yenye mzunguko, juu ya jambo analolijua vizuri. Watakaokuja kuitazama ni watu wawili kutoka Kilifi mjini, hao hao wenye kazi. Sasa mimi najua nini? Sijui miche wala michezo. Nikakaa nikafikiri mpaka karibu na magharibi, mama akaniita, "Wee! Chukua sahani hii ya kaimati upeleke nyumba ya kona, kabla hawajaleta wao." Nikasimama na sahani mkononi nikajua ninachokijua.

Uchochoro wetu una nyumba saba, na mwezi wa Ramadhani sahani haziwekwi chini. Hawa wanatuletea viazi vya nazi, wale mkate wa sinia, sisi tunapeleka kaimati, na kufikia mwisho wa mwezi hakuna anayejua sahani ipi ni ya nani. Mama hutia tone la rangi ya kucha chini ya zake zote, na bado kila mwaka hupotea mbili. Nikasema nitaandika programu ya kufuatilia sahani. Nikaandika hivi: maadamu iko sahani ya jirani ndani ya nyumba yetu, itie chakula, ipeleke kwake. Na jirani, akiwa amepelekewa, naye aitie chakula, airudishe. Nikaona nimemaliza. Nikabonyeza.

Sahani imekwenda. Sahani imerudi. Sahani imekwenda. Sahani imerudi. Mistari ikawa inapanda juu ya kioo kama maji ya mfereji, kompyuta ikaanza kuvuma, mzee wa mahakama akasogeza kiti.

Mwalimu akaja mbio. "Hii inasimama lini?"

"Kwani inasimama?"

"Shoga, kila mzunguko sharti uwe na pa kusimamia."

"Nisimamie wapi? Nimrudishie mtu sahani tupu? Akanidhani nimemnunia?"

Akaanza kucheka, na akicheka yeye hucheka mpaka machozi. "Hata kwetu Ganda chombo hakirudi kitupu," akasema, "lakini sisi tuna kuchoka, na tuna kuishiwa na unga. Hii haina. Umeipa adabu ya watu wa pwani bila ya kiuno chao." Akabonyeza vibonye viwili, ikanyamaza. "Nenda nyumbani ukatafute kinachozisimamisha."

Nikamuuliza mama siku hiyo hiyo, anachuja tui. "Mama, hizi sahani husimama lini?"

"Idi."

Kumbe! Basi siku thelathini. Nikaandika: maadamu siku hazijafika thelathini. Nikaibonyeza kwenye ile kompyuta ndogo tuliyoruhusiwa kwenda nayo nyumbani, ikaenda, ikasimama kwa adabu. Kwa majivuno nikamsomea mama mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye thelathini akaacha kuchuja.

"Thelathini umezipata wapi?"

"Mama, Ramadhani ni siku thelathini."

"Umeuona mwezi wewe? Tuko kumi na nane leo, na wewe ushauona mwezi?"

"Ni makadirio tu..."

"Wallahi mtoto huyu! Mwaka jana tulifunga ngapi?"

Nikakumbuka. Ishirini na tisa. Tena nilikuwa nimekwisha kuroweka mchele wa daku.  Hili ni jambo ambalo mtoto wa chuoni, anayeanza Kurani, analijua: mwezi hauandikiwi hesabu mapema, jioni ikifika watu hutoka nje kutazama. Mimi, Mwislamu, mtoto wa Waislamu, nilikwenda kuukadiria kama mtu wa benki.

Kwa hiyo nikabadilisha. Sasa programu kila jioni inauliza: mwezi umeonekana? Maadamu jibu si ndiyo, sahani zinakwenda. Jibu likiwa ndiyo, zinasimama, na kila moja inatajwa iko nyumba gani. Nilimwonyesha mwalimu, akaijaribu mara tatu. "Hii nzuri," akasema. Hakutania, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Jaribio lilikuwa siku chache kabla ya Idi. Waliokuja kutoka Kilifi walikuwa mwanamke mmoja wa makamo aliyejitanda buibui, mpole, na bwana mmoja wa bara mwenye shati la mikono mifupi na haraka. Mwalimu alikatazwa kusaidia. Mzee wa mahakama akapita. Binti wa simu akapita. Nikaitwa.

Bwana akakaa mbele ya kompyuta yangu. Programu ikamuuliza, mwezi umeonekana? Akaandika hapana. Sahani zikaenda. Akaandika sijui. Zikaenda.

"Kwa nini inauliza mtu?" akasema. "Programu nzuri inafaa ijue yenyewe."

"Hata kadhi hajui, bwana. Sote hutoka nje tukatazama."

Yule mama wa buibui akainamisha uso kuficha tabasamu, nami nikapata moyo. Nikaupata mapema mno. Bwana akaianza programu upya, siku ya tano akaandika ndiyo. Sahani zikasimama. Programu yangu ikatangaza Idi.

"Siku ya tano," akasema.

 Nilihisi joto kutoka shingoni kwenda masikioni.

"Mtu akiidanganya, inakubali tu?" akauliza. Hakuwa na ubaya, na ndiyo maana iliuma zaidi. Kazi yao ni orodha, na orodha hujaa watu waliojibu ovyo. Kama programu yangu inaamini chochote inachoambiwa, mimi nitawafaa nini? Nikaiona pikapu mlangoni kwetu. Nikamwona mama amekaa mbele, mkoba mapajani, akitazama mbele tu ili asitazame nyumba.

"Anaweza kurekebisha?" yule mama wa buibui akamuuliza mwenzake.

Bwana akatazama saa yake. "Dakika kumi."

Nikageuka kumtafuta mwalimu. Mazoea ya miaka minne hayatoki: hesabu ikiniwia ngumu, shingo yangu hugeuka kulia. Alikuwa amesimama dirishani. Macho yetu yalikutana kidogo tu, kisha akanigeuzia mgongo, akatazama barabarani, ameshika mikono nyuma. Nikamchukia. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba uso wake ungeniambia kila kitu, na yeye alijua hivyo.

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikajiuliza kwa sauti ndogo, kama mjinga: mwezi hutazamwa siku gani? Jioni ya ishirini na tisa. Kabla ya hapo? Hakuna anayeinua kichwa. Na usipoonekana? Unakamilisha thelathini, na hapo huulizi mtu tena, kesho ni Idi, mwezi uonekane usionekane. Yote haya nilikuwa nayajua tangu sijaota meno ya utu uzima. Kilichobaki ni kuyaandika. Siku iwe inahesabiwa. Ikiwa chini ya ishirini na tisa, usiulize. Ikiwa ishirini na tisa, uliza. Ikifika thelathini, simama.

Nikabonyeza. Wekundu.

Yule bwana akavuta pumzi. Mimi sikufumba macho. Mstari wa kumi na moja: nimeitaja siku kabla ya kuianzisha. Kweli, nilikuwa sijaiambia kwamba mwezi unaanza siku ya kwanza. Nikaandika. Nikabonyeza tena. Sahani zikaenda na kurudi, kimya, bila kumsumbua mtu, mpaka ishirini na tisa. Hapo ikauliza. Bwana akanyoosha mkono akaandika hapana. Ikaenda siku moja zaidi, ikasimama.

"Sawa," akasema, akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Tutakupigia."

Ngazini mwalimu alinishika mkono. "Zamani ungenitupia daftari," akasema.

"Nilikutazama ukanipa mgongo."

"Niliuma ulimi mpaka nikauonja, shoga. Niache."

Walipiga siku ya ishirini na nane, mchana, mama amejilaza. Nimepokelewa, kwa majaribio ya miezi mitatu. Nilipomwambia mama alikaa kitako, akajifunga kanga upya, akasema, "Alhamdulillahi," kisha akasema kesho tutapika kaimati mara mbili, kisha akanigeuzia uso ukutani kwa muda, nami nikajifanya natafuta ufunguo.

Kaka alifika jioni ya kuamkia Idi. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumkoga, ya siku mbili nzima. Nikayamwaga yote: habari za betri ya simu, habari za mtu kucheka mpaka kushika ukuta. Alinisikiliza akiwa amesimama, mfuko bado begani.

"Hongera," akasema. "Kweli. Basi mtakaa."

Kisha akaketi, akavua viatu polepole mno. Mama akamuuliza mbona kakonda. Akasema hakukonda. Mama akamuuliza Ramadhani alifuturu nini. Dukani, akasema, tende na maziwa ya pakiti, kisha chapati za hoteli, maana saa hizo wateja ndio wanaokuja na pale alipopanga kila mlango umefungwa, majirani ni watu wa baa, hakuna anayemjua mwenzake. Akasema hayo kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa.

"Nilikuwa nishakitoa kile chumba cha nyuma vitu," akaongeza. "Nishakipaka rangi. Kitanda cha mama nimekifanyiza, cha mvule, kifupi, ili asipande sana. Si neno. Nitakiuza."

 Wiki sita nilikuwa nikimpiga vita mtu aliyetaka kutunyang'anya nyumba, na kumbe alikuwa mtu anayefuturu kwa kusimama.

Mama ndiye aliyesema. "Hicho kitanda chaingia garini?"

"Chaingia."

"Basi kilete hapa. Mimi nitalala kwenye hicho, na wewe ukija Alhamisi utalala kwenye changu. Ijumaa duka si unafunga?"

"Sifungi, mama."

"Utafunga."

Kitanda kilikuja baada ya wiki mbili, juu ya ile pikapu aliyokuwa akinitishia nayo, na kaka amekaa nyuma amekishika kama mgonjwa. Tangu hapo huja kila Alhamisi jioni. Mimi hukaa ukumbini na kompyuta yangu na majina ya watu wasiojulikana, na yeye huvuta kiti akakaa nyuma ya bega langu, na chai yake, akauliza, hapo unafanya nini sasa, na hapo je, na huyu mbona kaandikwa mara mbili. Nimemwambia asinisemeshe nikiwa kazini. Ananisemesha.